Kwenda Uluru wakati wa joto: mwongozo kwa anayedhani joto amelizoea

Mjomba wangu alitua Adelaide mwezi wa Januari akitokea Tanga, na alichotaka kuona si kangaruu wala bahari. Alitaka kuona Uluru, lile jiwe jekundu la katikati ya Australia. Nikamwambia, mjomba, tungoje Juni, sasa hivi kule joto linavuka nyuzi 40. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama, mimi nimezaliwa Ngamiani. Joto unanisimulia mimi?"

Tulikwenda. Tulirudi wazima, ila katikati ya safari palikuwa na nusu saa ambayo sitaki inirudie, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika haya. Naandika hasa kwa sisi tunaoishi Australia na kupokea wageni kutoka nyumbani, maana wageni wengi huja Desemba na Januari, shule zimefungwa, na ndipo jangwa linapowaka.

Joto la pwani na joto la jangwani ni vitu viwili. Tanga, Mombasa au Dar, hewa imejaa maji. Unatoka jasho, shati linaganda mgongoni, unajua kabisa kuwa mwili unapoteza maji. Kule hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajipapasa, ngozi kavu, unajiona uko sawa, kumbe unakwisha taratibu. Alama pekee niliyoiona kwa mjomba ilikuwa mistari myeupe ya chumvi kwenye kola ya shati lake jeusi. Na shati jeusi lenyewe ni kosa jingine, nitalifikia.

Hatua ya kwanza: ujue unaingia kwa nani

Hii naiweka mbele ya maji na kofia kwa makusudi. Ukiielewa, mambo mengine yote ya safari yanakaa mahali pake.

Uluru ni mwamba mmoja wenye kimo cha mita 348 kutoka usawa wa tambarare, katika jimbo la Northern Territory. Wenyewe ni Anangu, neno ambalo kwa lugha zao, Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, maana yake ni watu. Mwaka 1873 mpima ardhi William Gosse alifika akauita Ayers Rock, kwa jina la Henry Ayers, mkubwa mmoja wa serikali ya Australia Kusini wakati huo. Jina hilo bado utalikuta kwenye tiketi ya ndege, lakini lenye adabu ni Uluru. (Mjomba alichukua siku nzima kuacha kusema "Uhuru". Nadhani Anangu wasingechukia.) Tarehe 26 Oktoba 1985 walirudishiwa hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 ili iwe hifadhi ya taifa inayosimamiwa na pande zote mbili.

Kupanda juu ya mwamba ni marufuku tangu 26 Oktoba 2019, kwa uamuzi wa bodi ya hifadhi ambayo Anangu ndio wengi ndani yake. Walikuwa wameomba watu wasipande kwa miaka mingi kabla ya hapo. Njia ile ya kupandia ni njia ya mababu wa Mala, watu wa kangaruu wadogo, katika Tjukurpa yao. Tena watu wasiopungua 37 walikufa wakipanda, na kwa Anangu mgeni akifia nyumbani kwako ni msiba wako wewe mwenye nyumba. Waliwaita wapandaji minga, yaani sisimizi, kwa jinsi walivyoonekana kutoka chini wakitambaa kwa mstari. Ukikutana na mtu anayekuambia kuna njia ya pembeni, achana naye.

Hiyo Tjukurpa ndiyo ya kuielewa. Watu huitafsiri "hadithi za kale", nami naona hawaitendei haki. Ni dini, ni sheria, ni nasaba na ni ramani kwa pamoja: jinsi wazee wa mwanzo walivyoumba nchi wakipita, na jinsi watu wanavyopaswa kuishi kwa sababu hiyo. Sehemu yake inasimuliwa kwa kila mtu. Sehemu ni ya wanaume peke yao, sehemu ya wanawake peke yao, na mahali penyewe pa mambo hayo ni kwenye mwamba: pango hili ni la wanawake, ufa ule ni wa wanaume.

Mzungu mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi aliona ajabu kwamba kuna mambo asiyoweza kuambiwa hata akilipa. Mjomba hakuona ajabu yoyote. Mtu aliyepita jando, na mwanamke aliyewekwa ndani akafundwa, anajua kuna maneno yasiyotoka nje ya mahali pake. Na mtu aliyewahi kuingia ule msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo kule Kwale, akafungwa kaniki kiunoni na kuambiwa asiokote hata jani, tayari ameshafundishwa nusu ya adabu ya Uluru.

Hatua ya pili: panga safari kwa saa

Hapa ndipo sisi wa saa za Kiswahili tunapoweza kuumia, kwa hiyo soma polepole.

Kuanzia Desemba hadi Februari lango la hifadhi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu usiku. Miezi mingine saa hubadilika, angalia kabla. Ushauri wa hifadhi siku za joto ni kwamba kutembea kwa miguu kuwe kumekwisha ifikapo saa tano asubuhi. Sasa tazama mtego: kwenye vibao lango linafunguliwa 5, na kutembea kunakoma 11. Kwetu ni kinyume kabisa, unaingia saa 11 na kumaliza saa 5. Nilipomwambia mjomba mwisho ni "11" akapiga hesabu ya saa kumi na moja jioni, akaona tuna mchana mzima wa kuzurura. Kama una mgeni anayefikiri kwa Kiswahili, mwandikie saa kwenye karatasi na uandike asubuhi au jioni pembeni.

Jambo jingine la saa: Northern Territory iko nusu saa pembeni, saa sita na nusu mbele ya Nairobi na Dar. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi ya mzee haitajirekebisha.

Januari jua hutoka karibu saa kumi na mbili. Kwa hiyo siku yako ina vipande vitatu: kuanzia alfajiri hadi saa tano ni kutembea, saa tano hadi saa kumi au kumi na moja jioni ni kivulini, bila ubishi, jioni ni kukaa na kutazama. Chukua siku mbili kamili ukiweza. Kibali cha kuingia ni cha siku tatu hata hivyo (dola 38 za Australia kwa mtu mzima, watoto bure, lakini hakikisha bei kabla ya kulipa mtandaoni), na kubana kila kitu kwenye siku moja ya joto ndiyo njia ya kumaliza safari hospitalini.

Hatua ya tatu: kufika

Ndege zinatua karibu na Yulara, kijiji cha wageni kilicho nje kidogo ya hifadhi, ambapo kuna hoteli, uwanja wa mahema, duka la vyakula, sheli na zahanati. Kutoka hapo hadi kwenye mwamba ni mwendo wa kilomita kama 20. Ukipenda gari, ruka hadi mji wa Alice Springs halafu uendeshe kilomita 450, saa tano hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Gari ni upande wa kushoto kama nyumbani.

Usiendeshe usiku. Kangaruu wanaruka barabarani, ng'ombe wanalala barabarani, na kuna ngamia wa porini, wajukuu wa wale walioletwa karne ya 19 pamoja na wachunga ngamia kutoka upande wa Afghanistan na Bara Hindi. Ngamia usiku ni kivuli chenye miguu, taa zako zinapita chini ya tumbo lake. Jaza tangi kila unapoona sheli, na weka maji ya akiba ndani ya gari, siyo chupa mbili za mkononi bali dumu. Gari likiharibika baki nalo. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu anayetembea haonekani.

Njiani, mkono wa kushoto, utaona mlima mkubwa wenye kichwa cha meza na kila mtu garini atapiga kelele. Siyo huo. Ule ni Attila, wazungu wanauita Mount Conner. Endelea.

Hatua ya nne: mzigo

Maji: lita moja kwa kila saa ya kutembea, kwa kila mtu. Njia kamili ya kuzunguka mwamba ni kilomita 10.6 na huchukua saa tatu na nusu, kwa hiyo mtu mmoja anabeba lita nne mgongoni. Ni mzito, najua. Kama mzigo huo unakushinda, basi hata njia hiyo itakushinda, chagua fupi. Kuna sehemu za kuchotea maji kwenye maegesho na kwenye kituo cha utamaduni, zichukulie kama akiba.

Maji matupu peke yake hayatoshi. Unapoteza chumvi pia, na ukinywa maji mengi bila chumvi unaweza kulegea vilevile. Beba pakiti za ORS zilezile za kutibu mtoto anayeharisha. Ukizikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha, visiwe vya kulundika. Na vitafunio vyenye chumvi: mjomba aliona karanga ni mzigo, mwishowe ndiye aliyezimaliza.

Nguo: hapa wazee wa pwani walishamaliza kazi. Kanzu nyeupe ya pamba, pana, inayofunika mikono na miguu, inashinda kaptula na fulana za watalii. Mimi nilivaa dera la pamba la rangi hafifu, na suruali nyepesi ndani kwa ajili ya majani ya spinifex yanayochoma kama sindano. Nilikuwa na raha kuliko wote waliokuwa wamevaa nguo za michezo za bei mbaya. Kofia iwe na ukingo wa kuzunguka, maana ile ya mbele tu inaacha shingo na masikio. Losheni ya kukinga jua hata kama ngozi yako ni nyeusi tii. Jua la Australia halibagui kama tunavyodhani. Raba au buti za kufunga, si ndala.

Ongeza leso mbili za kanga. Leso moja unailowesha na kuifunga shingoni, nyingine ni ya kivuli, ya kukalia, ya kupepea. Kitu pekee nilichonunua kule na sikujuta ni wavu wa kuvaa usoni kwa ajili ya nzi. Hawaumi, lakini wanatafuta unyevu, na unyevu pekee jangwani ni macho yako, pua yako na mdomo wako.

Anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, au mwenye sukari au figo, amwone daktari wake kabla ya safari. Na kama Ramadhani imeangukia miezi hii, msafiri ana ruhusa yake. Itumie, siku utazilipa.

Hatua ya tano: asubuhi yenyewe

Amka saa tisa na nusu usiku. Kunywa maji kabla ya kutoka, nusu lita au zaidi, usingoje kiu. Kula kitu. Uwe langoni linapofunguliwa.

Kama unataka kuona jua likichomoza, nenda Talinguru Nyakunytjaku, mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, ambapo unauona mwamba pamoja na Kata Tjuta nyuma yake, vilele nitakavyovifikia mbele. Hapo piga picha zako zote. Mwamba unaanza na rangi ya zambarau iliyopauka, kisha kahawia, kisha ghafla unawaka kama kaa. Rangi hiyo ni kutu: mwamba wenyewe ndani ni wa kijivu, ila chuma kilichomo kikikutana na hewa kinageuka wekundu. Ukikaribia utaona sehemu za ndani ya mapango ambazo hazijashika kutu bado.

Jua likishatoka usikae kuweka picha mtandaoni. Kila dakika unayochelewa utailipa ifikapo saa nne asubuhi.

Sasa chagua njia kwa ukweli wa miguu yako. Kwa wenye watoto na wazee, siku yenye joto, jibu langu ni Mala: kilomita mbili kwenda na kurudi, tambarare, hata kiti cha magurudumu kinapita, na asubuhi upande huo bado uko kivulini. Mwisho wake ni korongo la Kantju, ukuta wa jiwe uliosimama wima na dimbwi chini yake. Hifadhi hutembeza watu njia hii bila malipo kwa siku na saa maalumu, uliza ratiba. Njia nyingine fupi ni Kuniya, kilomita moja tu kwenda na kurudi, hadi dimbwi la Mutitjulu.

Pale Mutitjulu simama usome kibao. Kuniya, chatu jike, alikuja Uluru na mayai yake. Mpwa wake alikuwa ameuawa na Liru, watu wa nyoka wa sumu, na shangazi mtu akaja kulipiza kwa fimbo yake ya kuchimbia. Alama za mapigo yake na mkunjo wa mwili wake viko mbele yako ukutani, si mchoro, ni mwamba wenyewe. Mjomba alisoma nikimtafsiria, akatikisa kichwa, akasema: "Huyo ndiye shangazi." Zaidi ya hayo sikuelezwa na sikuuliza.

Njia kamili ya kuzunguka ni ya wale wanaoanza kabla jua halijapanda na wenye maji ya kutosha. Anzia Mala, zunguka kwa mkono wa saa. Ujue kwamba upande wa kaskazini-mashariki njia inajitenga na mwamba, kivuli kinakwisha, unatembea uwandani. Imejitenga kwa sababu sehemu hizo ni za miko.

Na hapo ndipo kamera inaingia mfukoni. Vibao vinaonyesha wazi mwanzo na mwisho wa kila mahali pasipopigwa picha. Anangu wanaeleza kwamba maumbo ya mwamba pale ni kama maandiko matakatifu, yanasomwa pale pale na wanaostahili tu. Picha yako ikizunguka kwenye simu, inamfikia mwanamume jambo la wanawake, au kinyume chake, na yeye hakutaka. Usipige hata ya video "inayopita tu". Droni usilete kabisa. Anangu wenyewe usiwapige bila ruhusa, na kijiji cha Mutitjulu hakiingiwi bila kibali.

Neno moja la kubeba: palya. Ni salamu, ni kwaheri, ni asante, ni "haina neno". Anayejua kutumia "poa" hatapata shida.

Hatua ya sita: mwenzako akianza kulegea

Sasa ile nusu saa. Tulikuwa njia ya Mala, saa mbili na nusu asubuhi, wala joto lenyewe halijafika. Mjomba ni mtu wa maneno mengi. Alikuwa ametania tangu lango, ametania nzi, ametania kofia ya mwanangu. Kisha akanyamaza. Nilitembea hatua kama hamsini kabla ya kugundua kwamba nimezoea ukimya. Nikageuka: anatembea kama mtu anayehesabu miguu yake, mkono mmoja kwenye paji la uso. Nikamuuliza chupa iko wapi. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Alikuwa "anaitunza".

Hivyo ndivyo inavyoanza: ukimya, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza, hasira ndogondogo zisizo na sababu. Mtoto huanza kulialia au kutaka kulala. Ukiona hata moja, simama hapo hapo. Tulimwingiza mjomba kwenye kivuli cha ukuta, tukamketisha, tukafungua vifungo vya lile shati jeusi lililokuwa linanyonya jua, tukalowesha leso mbili, moja shingoni moja kichwani, na mwanangu akampepea kwa ramani. ORS kwa funda ndogo ndogo, si kugugumia chupa nzima, maana akitapika umerudi sifuri. Baada ya dakika ishirini alinitazama akasema, "Hilo wavu lako la nzi linakufanya kama bibi harusi." Hapo nikajua amerudi. Hatukuendelea na njia. Tuligeuza.

Tofautisha hilo na lile kubwa. Mtu akianza kuongea ovyo, akipoteza fahamu, akiwa moto kama pasi na ngozi imekauka au hata ina jasho, asipoweza kunywa, hiyo ni dharura ya kuua. Piga 000. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, wala usimlazimishe kunywa akiwa hajitambui. Simu hushika vibaya sehemu nyingi za hifadhi, kwa hiyo unapopita angalia vilipo visanduku vya kuitia msaada vilivyowekwa njiani. Vikumbuke kama unavyokumbuka mlango wa dharura. Mgonjwa mahututi husafirishwa hadi Alice Springs, na ndege ya madaktari haifiki kwa dakika tano.

Hatua ya saba: saa za kivuli

Kuanzia saa tano, kituo cha utamaduni. Kimejengwa kwa matofali ya udongo, kimepinda kwa umbo la nyoka wawili, Kuniya na Liru, na kuna ubaridi ndani. Wengi hupita dakika kumi wakielekea chooni. Sisi tulikaa hadi mchana, na naona ndiyo saa bora ya safari nzima: mafundi wanawake wanachora, vibao vinaeleza Tjukurpa ile inayoruhusiwa, unanunua kitu na hela inakwenda kwa wenyewe. Fuata vibao kuhusu picha ndani pia. Baadaye rudi Yulara ulale. Watoto wasiachwe garini hata dakika ya kulipa mafuta.

Kata Tjuta, kwa kifupi

Kata Tjuta, "vichwa vingi", ni kundi la vilele 36 vya mviringo, kilomita kama 50 kwa barabara kutoka Uluru. Kilele kirefu zaidi kinapanda mita 546 juu ya tambarare, kwa hiyo kinaushinda Uluru wenyewe. Weka asubuhi ya pili. Njia ya Walpa ni kilomita 2.6 kwenda na kurudi. Ile ndefu, Bonde la Upepo, ni kilomita 7.4 zenye kupanda na mawe yanayoteleza, na hufungwa kuanzia kituo cha Karu saa tano asubuhi siku ambayo utabiri ni nyuzi 36 au zaidi. Januari hizo ni siku nyingi. Usimbembeleze askari wa hifadhi. Kata Tjuta ni mahali pa mambo ya wanaume hasa, na hadithi zake hazisimuliwi kwa wageni. Unapita, unatazama, unanyamaza.

Jioni, na mifuko

Jua likilegea nenda maegesho ya machweo na viti vyako vya kukunja. Usilete pombe huko hifadhini. Mwamba unarudi nyuma kwa rangi zile zile za asubuhi, kwa mpangilio wa kinyume. Ukibahatika mvua ikanyesha, utaona maji yakiporomoka kila mahali mwambani, na hapo barabara na mito mikavu vitataka tahadhari nyingine.

Kabla ya kutoka langoni, pekua mifuko. Usichukue jiwe, mchanga, wala kipande cha gome. Kila mwaka ofisi ya hifadhi hupokea vifurushi vya mawe kutoka pande zote za dunia, pamoja na barua za watu wanaoomba radhi, wengine wakieleza mikosi iliyowapata tangu wayachukue. Wafanyakazi wanayaita mawe ya samahani. Kuyarudisha yanakotoka ni kazi, maana aliyeyachukua mara nyingi hakumbuki aliyaokota wapi.

Nilipekua mifuko ya wanangu, mitupu. Kokoto nyekundu, ndogo kama kete ya bao, ilikuwa kwenye kanzu ya mjomba, ile nyeupe aliyoivaa mchana baada ya shati jeusi kustaafishwa. Alisema ameitaka kwa ajili ya shangazi. Kulikuwa na saa moja kabla lango halijafungwa. Tuligeuza gari, tukarudi maegesho ya machweo, akashuka mwenyewe na tochi ya simu akatafuta pale alipokuwa ameweka kiti.